Kifundo cha Mkono wa Muhanga

Hekaya hii ni ya mkono mmoja tu.

Wanyama wa Bondeni walikuwa na injinia wao, Muhanga, mchimbaji asiye na maneno mengi. Mitaro yote ya majitaka aliichimba yeye, na ilipoziba aliingia mwenyewe. Mwenyekiti wao alikuwa Kima, mpenda usafi kupindukia.

Muhanga alipomaliza mtaro wa kwanza alioga, akajisugua, akaenda kumsalimu Kima. Kima akautazama ule mkono, asiupokee. Basi Muhanga akakunja vidole, akampa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mwenye mikono michafu. Kima akakishika upesi. Tangu hapo wote wakawa wanamsalimu hivyo, hata akitoka kuoga.

Miaka ikapita, Muhanga akastaafu. Siku ya kumuaga, Kima akasimama mbele ya wanyama wote.

"Ndugu yetu huyu ametuwezesha kuishi bila kunusa uchafu wetu wenyewe," alisema, akaikumbuka siku aliyokataa kuupokea mkono ule. Akanyoosha kiganja. "Injinia, nipe mkono."

Muhanga akakunja vidole, akampa kifundo.

"Sio hivyo, bwana! Mkono wako ni safi."

"Najua, Mwenyekiti," Muhanga akajibu kwa upole. "Ulikuwa safi hata siku ile. Niwie radhi, mkono umeshazoea kukunjwa."

Akajaribu kuvikunjua vidole, visikunjuke. Kima akakishika kifundo kwa mikono yote miwili, akakawia kukiachia, na nyuma yake foleni nzima ya wanyama ikawa inangoja kukishika hichohicho.