Dalali wa Mnunuzi

"Bomba hili hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu, alfajiri," dalali alisema, bila hata kuligusa.

Daktari wa meno akacheka kwa furaha. Madalali wawili wa kwanza walimsifia kila ukuta mpaka akaona wanamfanya mtoto. Huyu wa tatu alitia sahihi kwamba atamwakilisha mnunuzi peke yake, na tangu siku hiyo hakumficha kitu. Nyumba yenyewe daktari aliiona kwenye tangazo. Alitaka ya kupangisha, imtunze atakapostaafu.

Wakaizunguka kwa nje. Ndani daktari, mama wa watu, hakutaka kuingia. "Nikiwaona wapangaji nitawaonea huruma, kaka, biashara inishinde."

Dalali akamwonyesha ufa nyuma ya jiko, akamwambia ulipanuka mvua za mwaka juzi. Akamwambia shimo la choo hunuka joto likizidi, na kelele za jirani mchomelea vyuma hazipumziki hata Jumapili. Kila aibu ya nyumba aliianika, huku akiomba moyoni mama huyu aghairi.

Daktari hakughairi. Aliyaandika yote kwenye kijitabu, akamkabidhi dalali wake ampigie simu dalali wa muuzaji, amsomee moja baada ya jingine. Akasoma. Bei ikashuka, ikashuka tena.

"Sijapata mtu wa kunitetea hivi," daktari akasema.

Dalali akajaribu mara ya mwisho. Waliomo humu, alisema, wana miaka tisa, na kodi hawajaichelewesha hata mwezi mmoja.

"Kodi ya miaka tisa iliyopita," daktari akamjibu kwa upole. "Wapya watalipa mara mbili. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni kweli, alimfundisha, siku ile ya kwanza, kabla hajajua watafika mlango gani.

Wiki tatu baadaye hati ilikuwa mkononi mwa daktari. Walirudi pamoja, wakasimama nje ya geti, na dalali akaandika barua juu ya boneti ya gari kama alivyosomewa: siku thelathini, nyumba iachwe wazi. Jina la mpangaji hakuliandika.

"Utalijaza. Na chini weka mstari, atie sahihi kwamba amepokea," daktari akamwagiza. "Mpe mkononi, kaka. Mimi moyo huo sina."

"Nitampa, daktari."

Alisubiri gari likate kona. Kisha akaiegemeza barua ukutani, akatia sahihi yake kwenye mstari wa mpangaji, akatoa ufunguo mfukoni na kuingia ndani kumwambia mkewe.