Kila Mtu Ajikorogee

Gilasi ya tatu ilipovunjika, Kaltuma alichukua sinia akalificha juu ya kabati.

"Basi! Sinia hulishiki tena, dada. Tutafanya ya hotelini."

Batuli alibaki amesimama katikati ya uwa, kanga yake imerowa, mikono bado inamtetemeka. Kesho alasiri watu wa Mambrui wangekuja kuposa, na desturi yao ilikuwa moja: mwenye kuposwa huwapelekea wageni sharubati kwa mkono wake, nao wamtazame mwendo, wamtazame mkono, kisha ndipo wafungue mdomo. Akimwaga, hunyanyuka wakaaga. Na Batuli alimtaka Msellem. Alimtaka waziwazi, bila kuona haya. Alijua akimkosa huyu hapati mwingine.

"Ni mikono tu," alisema. "Moyo wangu umetulia."

"Najua, dada. Lakini Bi Shekha haji kuutazama moyo."

Bi Shekha alikuwa dada yake Msellem, na jicho lake lilikuwa la kuhesabu punje za mchele ndani ya pilau.

Kaltuma alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Wataliani pale Malindi. Huko alikuwa ameona ajabu: meza inatandikwa kitambaa, inawekwa ndimu, sukari na barafu, na kila mgeni anajichanganyia mwenyewe. Mtu katoka kwao kwa ndege kuja kujikorogea maji ya ndimu, na bado anaona raha!

Muhidin, mwenye nyumba, aliyasikia hayo akatoka nje mbio.

"Mgeni ajihudumie? Kwangu mimi? Watu watanicheka mpaka Sabaki!"

"Mbona wanakucheka tayari," alisema Kaltuma.

"Kwa sababu yenu nyinyi! Batuli ana haraka gani ya mume? Hapa anakosa nini?"

"Nimengoja vya kutosha," alisema Batuli.

Muhidin akanuna. Yeye ndiye aliyekuwa akimkamulia Batuli ndimu kila alasiri, chumvi chembe tu, sukari hata kidogo, kama anavyopenda. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma, ingawa hakulisema: huko Mambrui nani atamkamulia?

Siku ya pili meza ilikuwa tayari kivulini. Jagi la ndimu, bakuli la sukari, tangawizi iliyotwangwa, majani ya nanaa, kikopo cha chumvi. Barafu ilitoka kwenye ghala la samaki, na Kaltuma aliiosha mara tatu. Hata hivyo dakika ya mwisho aliona gamba la changu linamtazama kutoka kwenye bakuli, akalichopoa haraka akalitia mfukoni.

Bi Shekha aliingia mbele, Msellem nyuma yake na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Walisalimiana, wakaketi mkekani. Bi Shekha akaitazama meza, akautazama mlango wa jikoni, akarudi kwenye meza.

"Sinia li wapi?"

"Sisi hatumkadirii mgeni ladha yake, Bi Shekha," alisema Kaltuma. "Chukua gilasi ujikorogee."

"Nijikorogee? Mimi, mgeni?"

"Ndivyo wanavyoandaliwa mabalozi," Kaltuma alidanganya, macho makavu.

Lo! Bi Shekha kusikia mabalozi, akainuka. Gilasi ya kwanza ilikuwa kali, akakunja uso. Ya pili ikawa tamu kupita kiasi. Ya tatu akatia tangawizi, akaonja, akafumba macho. Kufika ya nne alikuwa akimfundisha Kaltuma namna ya kuponda nanaa. Batuli alikaa kando ya mkeka, mikono ameificha ndani ya leso, akaanza kupumua.

Ndipo Bi Shekha alipojifuta mdomo.

"Ndimu nzuri, wallahi. Lakini desturi ni desturi. Naalete yeye, gilasi moja tu, ampe Msellem kwa mkono wake."

Kaltuma alihisi gamba la samaki likimchoma mfukoni. Uongo wote alikuwa ameumaliza kwa mabalozi.

Batuli aliinuka. Alikoroga polepole, akaishika gilasi kwa mikono miwili, akaanza safari. Kutoka mezani hadi alipoketi Msellem ni hatua sita tu. Barafu ikawa inagonga kioo, tik-tik-tik, hadi jirani akazima redio asikilize. Hatua ya pili, kanga ikarowa. Hatua ya nne, mkeka. Muhidin mlangoni alifumba macho. Alikuwa akiomba Batuli amwage, na papo hapo akiomba asimwage, maskini, hata yeye hakujijua anataka nini.

Msellem hakungoja. Alijiinua mwenyewe, akanyoosha mkono kumpokea. Na mkono wake, mashaallah, ulikuwa ukitetemeka kuliko wa Batuli! Mikono minne ilikutana kwenye gilasi, na maji yote yaliyosalia yakammwagikia Bi Shekha miguuni.

Msellem akacheka. Batuli naye akacheka, wote wawili wameshikilia gilasi tupu, hakuna anayetaka kuiachia.

Bi Shekha aliitazama miguu yake iliyorowa.

"Haya," alisema. "Hapa hakuna wa kumcheka mwenziwe. Tusomeni fatiha."

Ilipokwisha kusomwa, Muhidin, babu wa wajukuu wanne, alikwenda mezani akakamua ndimu moja ndani ya gilasi, akarudi nayo hadi mbele ya Msellem, machozi yakimtiririka kwenye ndevu zilizojaa mvi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mama hanywi na sukari. Ni chumvi, chembe tu."