Kucha za Muhanga

Zamani, ngiri walipokuwa wakilala nje, Muhanga alikuwa fundi hodari wa kuchimba nyumba za chini ya ardhi, ila hakuwa na mteja hata mmoja. Asubuhi moja alimshika Ngiri, mwoga kupita kiasi, akamsimulia habari za kucha zake: urefu wake, ukali wake, na babu aliyemrithisha. Ngiri akapiga miayo.

"Kucha nzuri, fundi. Haya, siku njema."

Muhanga akamfuata, akabaki na swali tu. "Kwani wewe bwana, huwa unalalaje?"

"Nilale wapi? Chui hunijia kwa nyuma kila nikisinzia!"

"Basi nitakuchimbia nyumba ya kuingia kinyumenyume. Mgongo ndani, meno yako mlangoni."

"Ala! Na tangu asubuhi unanichosha na kucha!"

Jioni Ngiri akahamia. Kesho yake Nungunungu akamwuliza, "Eti huyo fundi wako ana kucha kali?"

"Kucha? Sikumbuki hata kama anazo. Nimelala mpaka jua likanichoma pua."

Muhanga, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya kichuguu, akazificha kucha zake mgongoni, akajitokeza. "Na wewe, Bwana Nungunungu, huwa unalalaje?"