Swala Chini ya Mtakatifu

Loyi alisimama kwenye mlango wa stoo ya mwalimu wake wa uchongaji pale Bwera, akaiona sanamu yake ikiwa nzima.

Wiki mbili zilizopita mwalimu alimwambia imevunjika njiani kwenda Kasese, na wakalia pamoja. Miezi saba alikuwa amemchonga yule mtakatifu wa dini ya Wajaini kutoka kwenye picha ya hekalu la kale la India, miguu imekunjwa, masikio marefu yakikaribia mabega. Sasa sanamu ilikuwa imepakwa mavi ya ng'ombe na majani ya chai, na ncha ya pua imemegwa makusudi.

Mgeni Mhindi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Viatu na mkanda wa ngozi alikuwa ameviacha nje kwa heshima.

"Hii iko na miaka mia tisa," mwalimu alikuwa akimwambia. Alipomwona Loyi, sauti haikutetereka. "Mwanangu, tuletee chai."

Mwanangu. Ndivyo alivyomwita siku ya kwanza alipomshikisha patasi.

Loyi hakwenda jikoni. Alilowesha pindo la leso kwa mate, akainama, akasugua kitako cha sanamu, mahali ambapo kila mtakatifu wao huchongewa alama yake, mara nyingi mnyama. Kwenye picha alikuwa swala aliyefifia. Loyi hakuwahi kumwona swala wa India, akachonga yule anayemjua.

Akatoa kitambulisho chake, akakilaza kando ya mnyama, nembo ya Uganda, yenye swala wa nchi hiyo, ikitazama juu.

"Linganisha pembe, mzee," alimwambia mgeni.