Kizimba Namba Nne

Mkurugenzi Fabien alikuwa amesimama juu ya meza ya ofisi, na viatu vyake vya ngozi, amekumbatia mafaili kifuani.

"Funga mulango!" alimpigia kelele Jocelyne. "Hapana, fungua! Iende inje!"

Mtu mzima huyo, na tai shingoni. Miaka minne ameongoza bustani ya wanyama hapa Baraka, na hajawahi kugusa hata konokono. Wageni wakija, husimama nao kwenye banda la kobe, kwa sababu kobe hakimbii. Nyoka, nge na tandu anawaita uchafu. Jocelyne, anayewalisha na kuwasafishia, Fabien anamwita "mama wa uchafu", tena mbele za watu.

Asubuhi hiyo walingojwa wakubwa kutoka mkoani, basi akajikaza kukagua nyumba ya nyoka. Kizimba namba nne, cha swila, kilikuwa wazi, hakina kitu. Hakuuliza mtu. Alikimbia mpaka ofisini, na kabla hajaketi vizuri, kitu kikachakarisha nyuma ya kabati la mafaili.

"Ingiza mukono, we mama! Unangoya nini?"

Jocelyne alibaki mlangoni na gunia lake.

"Shefu, mi ni kibarua tu. Miaka ine naomba kontra ya kazi, unasema ngoya. Hii nyoka ikiniuma leo, batoto yangu batabaki na nani?"

"Kontra utapata kesho!"

"Basi na mi nitakuya kesho."

Kitu kikachakarisha tena. Sauti aliyoitoa Fabien, mtoto wa shule angeionea haya.

Eddy, karani wake, alileta mkataba na muhuri, akampandishia huko juu, akiuma midomo asicheke. Fabien alichuchumaa, akauweka gotini, akatia sahihi bila kusoma, kama anavyofanya kwa kila karatasi, akagonga muhuri. Kusoma ni kazi ya wadogo.

Jocelyne alikunja mkataba, akautia kifuani. Ndipo akapiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya kabati mpaka begani. Alipapasa kwa muda. Mwishowe akavuta kitu haraka, akakitumbukiza guniani na kufunga mdomo wa gunia.

"Usiipitishe huku kwangu!"

"Pole, Shefu."

Alitoka taratibu, akazunguka nyuma ya banda la kobe, akafungua gunia. Mjusi wa ukutani akachomoka na kupotelea majanini.

Swila alikuwa amekufa tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Jocelyne alimzika mwenyewe, akaacha kizimba wazi kipigwe jua, akaandika ripoti ya kifo, na chini yake Fabien akaongeza kwa mkono wake: "Nimesoma."