Jani la Kuvuka Mfereji

Aminieli alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba lake, akalifuta umande kwa kiganja, akalitia ndani ya koti lake la kanisani. Upande wa pili wa koti ilikuwamo bahasha ambayo kwa mwaka mmoja na miezi minne hajaifungua.

Huku Akheri, ukimkosea mtu kosa lisilosemeka, unampelekea jani hilo. Akiliona, hawezi kukunyima msamaha. Wameru walimaliza ugomvi wa damu kwa isale kabla serikali haijaijua njia ya kupanda huku. Sharti ni moja: kosa ulitamke mwenyewe. Hapo ndipo Aminieli alipokwama tangu kaburi la Ezra lipigwe sementi.

Ezra alikuwa mtoto wa Elieshi, mama jirani wa ng'ambo ya mfereji. Yeye na Godbless, mwana pekee wa Aminieli, walisoma ufundi pamoja, wakafanya usaili pamoja kwa wakala mmoja aliyepanga nyumba ya geti kule Njiro. Alitafuta vijana wa kwenda kuchimba mafuta baharini, nchi za watu. Elieshi, aliyekuwa akimfulia nguo wakala huyo, ndiye aliyeleta habari za kazi. Nafasi ilikuwa moja tu. Godbless akashika namba moja, Ezra namba mbili, na Akheri nzima ikajua kabla jua halijazama.

Barua zote za hapa hupitia sanduku la posta la usharika, na mzee wa kanisa anayezigawa baada ya ibada ni Aminieli. Miaka kumi na tisa hajawahi kufungua barua ya mtu. Basi bahasha ya wakala ilipokuja, nyepesi kama ganda la kitunguu, imeandikwa jina la mwanawe, hakuifungua. Aliitia kwenye koti. Kufungua barua ya mtu ni dhambi, alijiambia. Hii naichelewesha tu.

Sababu za kuizuia safari hiyo alikuwa nazo. Mlima huu umetoa vijana tangu zamani: kwenye mikonge, kwenye vita vya Wazungu, kwenye mashimo ya madini ya Mererani alikobaki Abdiel, kaka yake. Kila mara anakuja mtu mwenye viatu safi na karatasi ya kutia sahihi, na kila mara wanaobeba jeneza ni sisi.

Godbless alikwenda Njiro kuuliza. Mlinzi hakumfungulia hata geti. "Majibu yote yameandikwa, dogo. Subiri barua."

Wiki tatu zikapita, ikaja bahasha nene. Ya Ezra. Hiyo Aminieli aliigawa siku hiyohiyo. Elieshi alianza kigelegele, kikamkatikia kooni, na watu wakasema furaha imemzidi.

Tangu hapo sauti ya Ezra ikawa inatoka kwenye simu ya Godbless kila wiki. "Oya Godi! Niko juu ya chuma, maji kila upande! Sisi wageni tunavalishwa kofia ya kijani ili kila mtu ajue hatujui kitu. Masaa kumi na mawili tunasukuma mabomba. Chakula cha kumwaga, ila ndizi zao, ndugu yangu, utadhani sabuni!"

Godbless alicheka, akarudia kusikiliza, kisha akatoka kwenda kukata majani mengi kuliko ng'ombe wangeweza kula. Siku moja aliuliza, panga bado mkononi, "Baba, mimi nilikosea wapi?"

"Mipango ya Mungu, mwanangu," alisema mzee wa kanisa, na usharika mzima ulijua kwamba hasemi uongo.

Mwezi wake wa saba kule baharini, bomba lilichomoka kwenye winchi, likampiga. Kampuni ilirudisha jeneza lililofungwa lisifunguliwe, kofia ya kijani juu yake, na maelezo ya kurasa mbili kwamba marehemu alisimama pasipotakiwa.

Alisimama pa Godbless. Hilo Aminieli alilijua peke yake, akalala nalo, akaamka nalo, akagawa nalo barua za watu.

Leo aliruka mfereji. Elieshi alikuwa migombani, anang'oa magugu kandokando ya kaburi.

"Karibu, Baba Godbless."

"Mama Ezra, nina neno. Nikilisema, unaweza usinitazame tena."

"Basi ngoja nianze mimi, kabla sijakimbia."

Alifungua pindo la kanga, akatoa jani la isale. Lilikuwa limenyauka, kingo zimejikunja.

"Nimelikata tangu siku ya sementi. Kila nikifika mferejini, miguu inagoma."

"Jani la nini kwangu, mama? Mimi ndiye—"

Elieshi alikuwa ameshapiga magoti. "Nilimwambia yule bosi wangu wa Njiro kwamba Godbless ana kifafa. Nikamwambia alianguka kanisani siku ya kipaimara, usharika mzima ukaona. Wewe unajua alianguka kwa njaa. Na mimi nilijua. Nilitaka wangu ndiye aende. Kesho yake wakamkata jina, wakamwandikia."

"Wakamwandikia?"

"Si barua aliipata? Si wewe unayegawa?"

Aminieli alilipokea jani, kwa sababu halikataliki. Kisha, miguu yake ikigusa sementi ya Ezra, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa. Alichana bahasha ya mtu mwingine.

Ndani mlikuwa na karatasi moja, mistari mitatu. Ilianza: "Ndugu Godbless, tunasikitika kukuarifu..."