Kiberiti cha Mama Mkwe

Nilimkuta mama mkwe kwenye bustani yangu, kiberiti mkononi. Karibu nyasi zote za kwenye tuta alikuwa amezikusanya pembeni, tayari kuzichoma.

"Nimekusafishia, mwanangu," alisema kwa furaha. "Wageni wa kanisani waje waone takataka? Watasema mwanangu kaoa mvivu!"

Zile nyasi nilizitandaza mwenyewe, kama mwalimu wa kilimo wa kanisani alivyotufundisha, ili udongo usikauke. Mvua ilikuwa imegoma wiki ya tano. Bila nyasi, mchicha wa mtoto niliyembeba mgongoni usingefika jioni.

Kelele zilinifika kooni, nikazimeza. Mtu ameamka alfajiri, ameinama na mgongo wake ule mbovu kwa ajili yangu. Namfokeaje?

"Asante, mama. Hebu lete mkono."

Niliugusisha kwenye udongo aliousafisha. Vumbi tupu. Kisha nikauingiza chini ya nyasi, kwenye kona moja ambayo hakuwa ameifikia.

Vidole vyake vilitulia humo. Alipovitoa, udongo mweusi ulikuwa umeganda kwenye mikunjo ya ngozi, na pete yake ya ndoa ilikuwa imelowa.

"Nani kamwagilia hapa?"

"Hakuna, mama. Tangu Jumapili."

Aliitazama ile pete. Akakisukumia kiberiti ndani ya mkunjo wa khanga, akachota nyasi kwa mikono miwili.

"Mlaze mtoto kivulini, uje," alisema. "Wageni wanafika, na bustani yetu iko uchi."